Jinsi ya kuwaingiza watoto kwenye bima yako ya maisha

Swali hili hunijia kila mara, na mara nyingi huja likiwa limechelewa: "Mimi nina bima ya maisha. Watoto wangu nao wamo, sivyo?" Kwa wazazi wengi wanaouliza, hawamo. Majina ya watoto yapo kwenye mkataba, ni kweli, lakini yameandikwa kama majina ya wanufaika, yaani watu watakaolipwa mzazi akifariki. Mtoto mwenyewe akifikwa na mauti, mkataba huo hautoi kitu.

Njia ya kuwaingiza ni ile inayoitwa nyongeza ya watoto. Ni kipande kidogo cha bima kinachoshikizwa kwenye mkataba wa mzazi, kwa ada kidogo juu ya ile unayolipa sasa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mzazi au mlezi ambaye tayari ana bima, au ndiyo kwanza anajaza fomu. Umri na siku ninazotaja ni zile zinazokutwa kwenye mikataba mingi. Kampuni hutofautiana, na mkataba ulio mkononi mwako ndio wenye kauli ya mwisho.

Shika jambo moja tangu sasa: mtoto hayumo mpaka uwe na karatasi ya kampuni inayosema yumo. Ahadi ya wakala haitoshi. Fomu uliyosaini haitoshi. Hata makato ya mwezi wa kwanza hayatoshi.

Usichanganye haya matatu

Mtoto kama mnufaika: bima ni ya uhai wa mzazi, mtoto ndiye atakayelipwa. Akiwa bado mdogo kisheria hawezi kupokea fedha hizo mwenyewe, kwa hiyo lazima kuwe na mtu mzima aliyetajwa kumshikia.

Bima ya elimu: hii nayo kwa kawaida hukinga uhai wa mzazi. Mzazi akifariki, karo huendelea kulipwa. Wazazi wengi wanayo na wanaamini mtoto amekatiwa bima. Soma tena.

Nyongeza ya watoto: hapa uhai unaokingwa ni wa mtoto. Akifariki, kampuni humlipa mzazi.

Na kabla hujaenda mbali, tazama bima yako wewe. Kama mfuko unabana, bima ya mzazi itangulie. Chakula, kodi na karo vinatoka kwenye kipato chako, na pengo utakaloacha ndilo kubwa. Nyongeza ya watoto ina kazi nyingine: kugharamia mazishi, madeni ya hospitali yaliyobaki, na wiki zile ambazo mzazi hana nguvu ya kwenda kazini. Ndiyo maana kiasi chake ni kidogo. Katika nchi kadhaa sheria yenyewe imeweka ukomo wa fedha zinazoweza kulipwa kwa kifo cha mtoto mdogo, ili uhai wa mtoto usije ukawa biashara. Uingereza ilikuwa na ukomo wa namna hiyo kwenye sheria yake ya mwaka 1875.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba wako wa bima, wote, pamoja na barua zozote za mabadiliko ulizowahi kupokea.
- Risiti au taarifa ya malipo ya karibuni, kuonyesha kwamba bima haijakatika.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto.
- Kwa mtoto wa kuasili, hati ya mahakama. Kwa mtoto wa mwenzi wako, cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
- Kitambulisho chako.
- Kumbukumbu za matibabu kwa mtoto aliyewahi kulazwa, kufanyiwa upasuaji au anayetumia dawa kila siku.
- Kalamu na karatasi ya kuandikia tarehe. Utaihitaji hatua ya 8.

Hatua 1: Soma mkataba ulio nao

Huna haja ya kuusoma wote leo. Tafuta ukurasa wa maelezo, ule wenye jina lako, namba ya mkataba, kiasi cha bima na tarehe ya kuanza. Chini yake huwa kuna orodha ya nyongeza. Kama watoto wamo, kutakuwa na mstari unaosema hivyo na kiasi chao. Hakuna mstari? Basi hawamo, hata kama unakumbuka waziwazi kwamba mlizungumza habari zao siku ile ya kusaini.

Kisha tazama mkataba wako unaisha lini. Nyongeza haidumu kuliko mkataba unaoibeba. Tuseme mtoto ana miaka 2 na mkataba wako umebakiza miaka 6. Hata kama karatasi inasema watoto wanakingwa mpaka wafike miaka 25, wa kwako atatoka akiwa na miaka 8, siku mkataba wako unapoisha.

Hatua 2: Iulize kampuni, kwa maandishi

Tuma baruapepe au barua. Simu ni nzuri kwa kujua nani wa kumwandikia, basi. Uliza haya:

1. Je, nyongeza inaweza kushikizwa kwenye mkataba uliokwisha kuanza, au ni siku ya kukata bima tu? Kampuni nyingine hukubali wakati wowote, nyingine husubiri tarehe ya kumbukumbu ya mkataba, yaani siku ulipoanza, inaporudi kila mwaka, na nyingine hukataa kabisa.
2. Mtoto anapokelewa kuanzia umri gani? Mikataba mingi huanza siku 14 au 15 baada ya kuzaliwa.
3. Mwisho wa kumpokea ni umri gani, na kinga yake inakoma akiwa na umri gani? Haya ni maswali mawili. Kampuni inaweza kuacha kupokea watoto wapya wakifika miaka 17 au 18, lakini aliyeingia mapema ikaendelea kumkinga mpaka 21 au 25.
4. Ada ni moja kwa watoto wote, au huhesabiwa kwa kila kichwa?
5. Je, kuna kipindi cha kungojea kabla kinga haijaanza?
6. Mimi nikifariki, kinga ya watoto inaendelea bila kulipiwa, au inakufa pamoja na mkataba? Mikataba mingine huiendeleza bure mpaka mtoto afike umri wa ukomo. Hii ni tofauti kubwa, na ni swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza.
7. Mtoto akifika umri wa kutoka, ana haki ya kuchukua bima yake mwenyewe bila kupimwa afya? Kwa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi?

Jibu la swali la 4 ndilo linalowashangaza wengi. Katika mikataba mingi ya namna hii ada ni moja, uwe na mtoto 1 au watoto 5, na kiasi kilichoandikwa ni cha kila mtoto. Mwenye watoto kadhaa hapo anapata nafuu ya kweli ukilinganisha na kumkatia kila mmoja mkataba wake.

Hatua 3: Chagua kiasi

Anza na gharama za mazishi kama familia yako inavyozika, ongeza kipato chako cha mwezi 1 mpaka 3, kisha angalia kiwango cha juu cha kampuni. Usipande kwa sababu wakala amesema ada inaongezeka kidogo tu.

Kuna sababu moja tu ninayoiona ya maana ya kuchukua zaidi ya hapo, nayo ni ile haki ya swali la 7. Kampuni nyingi hupima haki hiyo kwa kiasi cha nyongeza, na baadhi humruhusu kijana kuchukua bima yake mpaka mara 5 ya kiasi hicho bila kuulizwa habari za afya. Kwa familia yenye ugonjwa wa kurithi hilo si jambo dogo. Kijana atakayegundulika na kisukari akiwa na miaka 16 anaweza kukataliwa bima kila atakapobisha hodi, au kutozwa ada nzito. Aliyekuwa ndani ya nyongeza yenye haki hiyo anaingia kwa ada ya mtu mzima wa afya.

Hatua 4: Jaza fomu, na useme kweli kuhusu afya

Majina yaandike kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa mpangilio uleule. Jina la nyumbani, jina la ubatizo ambalo halimo kwenye cheti, ufupisho: yote hayo yaache.

Maswali ya afya huwa machache na kwa kawaida mtoto hapelekwi kupimwa. Kampuni inategemea neno lako, na hapo ndipo wazazi wanapojitia hatarini. Fomu inauliza kama mtoto amewahi kutibiwa moyo, mapafu, figo, damu, kifafa, saratani. Mzazi anafikiri: alilazwa siku mbili tu, alipona, ya nini kuleta maneno? Anaandika "hapana".

Liandike. Liandike hata kama lilipita. Andika mwaka, hospitali ilimtibu nini, na hali yake sasa. Mtoto akifariki katika miaka ya mwanzo ya mkataba, mara nyingi miaka 2, kampuni ina haki ya kurudi nyuma na kulinganisha fomu na faili la hospitali. Ikikuta "hapana" pale palipotakiwa "ndiyo", inaweza kukataa kulipa. Mzazi anabaki na msiba na barua ya kukataliwa kwa wakati mmoja. Nimeisoma barua kama hiyo nikiwa nimeketi kando ya baba aliyetumiwa. Kilichofichwa hakikuwa ugonjwa mkubwa, na huenda kampuni ingempokea mtoto hata kama kingetajwa.

Angalizo: wakala akikwambia "hilo usiliandike", usikubali akujazie fomu. Sahihi chini ya fomu ni yako, na mwenye kujibu ni wewe.

Hatua 5: Taja atakayelipwa

Kwa kawaida fedha za mtoto humwendea mwenye mkataba, yaani wewe. Lakini ajali inaweza kuwachukua mzazi na mtoto siku moja. Kama fomu ina nafasi ya mnufaika wa pili, ijaze. Kama haina, uliza kwa maandishi fedha zitakwenda wapi.

Tumia nafasi hiyohiyo kuangalia wanufaika wa bima yako mwenyewe. Mtoto wa mwisho huwa hayumo, kwa sababu fomu ilijazwa kabla hajazaliwa.

Hatua 6: Wasilisha, lipa, tunza

Peleka fomu pamoja na nakala za vyeti, asili zibaki nyumbani. Omba nakala ya fomu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au kama umetuma kwa mtandao, hifadhi ujumbe wa kuthibitisha. Lipa kupitia akaunti ya kampuni, kamwe si mfukoni mwa mtu, na risiti iwe na namba ya mkataba wako.

Hatua 7: Isubiri hati ya mabadiliko, kisha isome herufi kwa herufi

Hii ndiyo karatasi niliyoitaja mwanzoni. Inaweza kuitwa hati ya mabadiliko, nyongeza ya mkataba, au ikawa ni ukurasa wa maelezo uliochapishwa upya. Ikifika, kaa chini na cheti cha kuzaliwa upande wa kushoto, hati upande wa kulia, na kidole juu ya kila neno.

Hati ya binti yangu ilirudi na jina lake sawasawa, kiasi sawasawa. Nusura niikunje. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka 11/05. Binti alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 11. Mtu aliyeingiza taarifa alikuwa amegeuza siku na mwezi, na kwa tarakimu zile mbili mtoto alikuwa amekuzwa karibu miezi 6. Kinga yake ingekoma miezi 6 kabla ya wakati, na siku ya kudai, cheti na mkataba visingepatana. Kurekebisha kulichukua barua moja. Baada ya msiba kungechukua miezi.

Kagua: majina, tarehe za kuzaliwa, kiasi kwa kila mtoto, tarehe kinga inapoanza, umri wa kukoma, na magonjwa au watoto walioondolewa kwenye kinga. Hilo la mwisho lisome mara mbili. Kampuni inaweza kuwapokea watoto 2 na kumwacha wa 3, na habari hiyo ikakaa kwenye mstari mmoja wa herufi ndogo. Mikataba mingi inakupa siku chache za kuirudisha hati usiporidhika, kwa hiyo usiiweke kabatini bila kuisoma.

Hatua 8: Andika tarehe tatu

Chukua ile kalamu. Kwa kila mtoto andika:

- siku atakapofika umri wa kukoma kwa nyongeza;
- siku mkataba wako wewe unapoisha;
- mwanzo na mwisho wa muda wa kijana kuchukua bima yake mwenyewe bila kupimwa.

Tarehe hiyo ya tatu ndiyo inayopotea. Muda huo unaweza kuwa siku 30 au 60 tu kuzunguka siku ya kukoma, na kampuni nyingine hazitumi ukumbusho. Kijana yuko chuoni, mzazi amesahau, muda unapita kimya, na haki iliyolipiwa kwa miaka 18 inakwisha bila kutumika. Iandike nyuma ya jalada la mkataba na kwenye simu, kisha mweleze mtoto mwenyewe akiwa mkubwa wa kutosha kuelewa.

Mtoto mwingine akizaliwa

Mikataba mingi humpokea mtoto mpya yenyewe akishatimiza siku 14 au 15, bila ada kuongezeka. Mingine hutaka taarifa ndani ya siku kadhaa, mara nyingi 30 au 60. Kwa vyovyote peleka taarifa, na udai hati mpya yenye jina lake. Mtoto wa kuasili naye hahesabiwi mpaka hati ya mahakama imefika kwenye kampuni.

Zile siku 14 za mwanzo, kwa mikataba mingi, mtoto hana kinga. Mzazi aliyempoteza mtoto katika siku hizo asijilaumu kwamba alichelewa kujaza fomu. Hakuna fomu ambayo ingesaidia.

Ukikwama

*Kampuni inasema haiongezi kitu kwenye mkataba wa zamani.* Uliza kama tarehe ya kumbukumbu ya mkataba inafungua nafasi. Kama haifungui, unaweza kukata mkataba mdogo mpya wa uhai wako wenye nyongeza ya watoto ndani. Usivunje mkataba wa zamani kwa ajili hiyo. Uliukata ukiwa na umri mdogo, na leo ada yako ingekuwa juu zaidi.

*Mtoto mmoja amekataliwa kwa sababu ya afya.* Omba sababu kwa maandishi na uliza wengine wamepokelewa au la. Uliza pia kama atapokelewa akikaa muda fulani bila ugonjwa kurudi. Kisha angalia bima ya kundi kazini kwako au kwa mwenzi wako, kwa maana baadhi hupokea wategemezi bila maswali ya afya mkijiandikisha ndani ya muda uliowekwa. Kumbuka tu kwamba ukiacha kazi, bima ya kundi kwa kawaida huishia hapo.

*Cheti cha kuzaliwa hakijatoka.* Uliza kama tangazo la kuzaliwa la hospitali linakubalika kwa muda. Cheti kikitoka kipeleke siku hiyohiyo, hasa kama jina limebadilika kidogo.

*Makato yameongezeka lakini hati haijafika.* Baada ya mwezi mmoja andika barua, ambatisha risiti, na uliza swali moja: je, kinga ya watoto imeanza, na tangu tarehe gani? Jibu lao likija, lihifadhi pamoja na mkataba mpaka hati yenyewe ifike.

*Sote wazazi wawili tuna bima. Tuwaandike kwa nani?* Kama kampuni ni mbili, kwa kawaida mnaweza kuwaandika kote kuwili. Kama ni moja, huenda ina ukomo wa jumla kwa kila mtoto, na mkilipa ada mbili ya pili itakuwa haina faida. Mkichagua sehemu moja, chagua mkataba utakaodumu mpaka mtoto wa mwisho afike umri wa kukoma.

*Tumetengana na mtoto haishi kwangu.* Mtoto wako wa kuzaa au wa kuasili huwa anapokelewa popote anapoishi. Mtoto wa mwenzi ndiye mwenye mashaka, kwa kuwa ndoa ikivunjika kinga yake inaweza kukoma. Uliza kabla ya talaka kukamilika.

*Mjukuu ninayemlea je?* Kulea peke yake mara nyingi hakutoshi. Kampuni nyingi hutaka awe ameasiliwa kisheria.

*Bima yangu ilikatika, nikailipia tena.* Mkataba ukihuishwa, nyongeza hairudi yenyewe kila mara, na maswali ya afya ya watoto yanaweza kuulizwa upya. Omba ukurasa mpya wa maelezo na utafute ule mstari wa watoto. Usipouona, rudi hatua ya 2 siku hiyohiyo.